Dalali Mtoto wa Kampong Som

Mealea hakuitafuta kazi ya udalali. Ilimkuta kwenye sufuria ya uji. Alikuwa na miaka kumi na mitano, yuko ndani ya sare ya shule, anamsaidia mama yake kuuza uji wa mchele mbele ya ua wa Bi Sophorn, nyuma ya soko la juu la Kampong Som, mji wa bandari wa Kambodia. Akaja Mchina mmoja mnene aliyejifunga kibegi kifuani. Akanywa mabakuli mawili, akafuta jasho, kisha akaanza kuzinyooshea kidole nyumba za jirani, moja baada ya nyingine, huku akisema maneno ambayo pale mezani hakuna aliyeyaambulia.

"Huyu naye anataka nini tena?" mama yake akauliza.

"Anatafuta nyumba ya kupanga," Mealea akasema bila kuinua kichwa. "Wako wanane. Anasema hata ikiwa mbovu wataitengeneza wenyewe, bora umeme usikatike."

Wateja wakageuka kumtazama kana kwamba sufuria ndiyo iliyosema.

Kichina hicho alikipata kwa Mwalimu Heng, mzee aliyepanga chumba cha mwisho katika ua uleule. Mwalimu Heng alikuwa amefundisha shule ya jumuiya ya Wachina mpaka walipomwona amechoka wakammwaga. Mke hakuwa naye, wala mtoto. Kila asubuhi alikunywa uji kwa mama yake Mealea, na badala ya kulipa alimfundisha binti kusoma na kuandika, tangu binti akiwa hajaota meno ya pili. Alikuwa mtu wa hasira na majivuno, anapaka nywele rangi nyeusi hadi inamchafulia kola za mashati, na hakujua kumsahihisha mtu faraghani. Mealea akimsemesha mwenye duka wa Kichina ng'ambo ya barabara, mwalimu angepaza sauti soko zima lisikie: "Sauti imeshuka! Umesema unauza na wewe unanunua! Rudia!" Watu wakacheka, naye akarudia, masikio yakimwaka moto.

Basi siku ile Mealea akamwongoza yule Mchina hadi kwa askari mstaafu mwenye nyumba ya matofali karibu na mzunguko wa Simba wa Dhahabu. Wakakubaliana kabla jua halijapanda. Mwenye nyumba akamtia binti noti mkononi, na Mchina naye akamtia zake. Alipozifikisha nyumbani, mama yake alizitazama, akauacha mwiko ndani ya uji.

"Umemwibia nani?"

"Sijaiba, mama. Nimeongea tu."

"Nani analipwa kwa kuongea? Mimi naongea tangu alfajiri, mbona sijalipwa?"

Lakini fedha akazipokea. Baba yake Mealea alikwenda kwenye meli za uvuvi za Thailand na hakurudi wala hakutuma salamu, na paa lilikuwa linavuja.

Wachina wakazidi kuja. Kwanza walikuja wawili watatu, baadaye kwa mabasi. Wakaja wa mahoteli, wa maduka, na wale wa kamari za kwenye kompyuta waliohitaji nyumba nzima wakae humo mchana na usiku mapazia yamefungwa. Kila mmoja alihitaji paa, na mjini watu walioweza kuongea nao kwa lugha yao walikuwa wa kuhesabika. Wenye nyumba wakawa wanamsubiri Mealea nje ya lango la shule, wamekaa juu ya pikipiki zao kama wachumba.

"Dalali mtoto! Leo umenyonya?" vijana wa gereji walimtania akipita.

"Nimenyonya, nimekubakizia," alijibu, nao wakaangua kicheko. Ulimi wake ulikuwa mwepesi katika lugha zote mbili.

Alipofika miaka kumi na sita akaacha shule. Mama yake alisema ni mwaka mmoja tu, atarudi. Mwalimu Heng hakusema neno juu ya shule. Yeye alifurahi. Alivaa shati safi akafuatana na mwanafunzi wake kwenye nyumba za kuonyesha, anasimama nyuma yake mikono ameikunja mgongoni, na Mchina akisifu Kichina cha binti, mzee anasogea mbele hatua moja: "Ni mimi niliyemfundisha." Halafu anaomba sigara.

Kazi ilikuwa rahisi kwa sababu sehemu yake ngumu ilifanywa na wengine. Mealea alifika nyumba ikiwa imekwisha kufagiliwa. Nani alikuwa akikaa humo, kaenda wapi, hayo yalikuwa ya mwenye nyumba. Siku moja tu alifika mapema mno. Aliingia jikoni na mteja wake akakuta sufuria ya wali juu ya jiko la mkaa, mfuniko wake bado unatoa mvuke, na mabakuli yamepangwa kando tayari kwa kupakuliwa. Waliokuwa humo walikuwa wameambiwa watoke asubuhi ileile.

"Wa nani huu?" mteja akauliza.

"Wa mpishi wa mwenye nyumba," Mealea akasema.

Mteja akaguna, akaendelea kupima chumba kwa hatua. Mealea akauondoa wali jikoni akauweka nje kwenye kivuli, asijue anamwekea nani. Tangu siku hiyo akawa anapiga simu kwanza kuuliza kama nyumba iko tayari.

Alikuwa na miaka kumi na saba Bwana Qiu alipoutaka ua wa Bi Sophorn.

Bwana Qiu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, anayewapa watoto wa watu peremende. Alitaka kukodi kiwanja kizima kwa miaka hamsini, avunje vile vyumba vya mbao na mabati, ajenge hoteli. Bi Sophorn, mwenye ua, alikuwa amekwisha kuonja asali. Macho yake yalikuwa yanaota maghorofa. Lakini ndani ya ua mlikuwa na wapangaji wa miaka mingi. Alikuwamo Mealea na mama yake, Mwalimu Heng, Phally fundi cherehani na wanawe wanne, na familia nyingine mbili za wapagazi wa bandarini. Wote waligoma kutoka. Si kwa ubishi. Mji ulikuwa umejaa, na kodi ya chumba kimoja ilikuwa imepanda mpaka mtu wa uji au wa cherehani hawezi hata kuiuliza.

Ikabidi wakae kikao, chini ya turubai la mama yake Mealea, meza za uji zikiwa zimesogezwa pamoja. Bwana Qiu alikaa kwenye kiti cha plastiki. Mwalimu Heng alikaa karibu yake, amevaa shati safi. Mealea akasimama katikati.

Phally ndiye aliyeanza. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye vipande vya uzi nguoni saa zote. "Mealea mwanangu, mwambie huyu bwana hivi. Sisi si wakorofi. Tutamwachia ajenge. Lakini akimaliza atupe nafasi. Mimi kijumba cha cherehani huku chini, wateja wangu wanijue. Mwalimu apewe chumba, mzee kama huyu atakwenda wapi? Na wenzetu hivyo hivyo. Kodi tutalipa ileile ya zamani. Mwaka mmoja tutavumilia popote."

Mealea akatafsiri. Alitafsiri vizuri, hata ule upole wa Phally aliuvusha.

Bwana Qiu akasikiliza, akatabasamu, akawatazama wote. Kisha akasema neno ambalo Wachina husema wakitaka jambo lipite bila ugomvi: hilo litaongewa baadaye.

Watu wote walikuwa wanautazama mdomo wa Mealea. Mama yake alikuwa amebana kitambaa cha meza vidoleni. Bi Sophorn alikuwa ameacha kupepea. Na Mealea, ambaye alijua vizuri sana neno lile lina maana gani, aliona pia kwamba tabasamu la Bwana Qiu lilikuwa tabasamu la kweli, kwamba yeye mwenyewe angemkumbusha, kwamba mtu mpole namna ile hawezi kukataa kijumba cha cherehani. Na aliona ada ya udalali kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata. Yote hayo aliyaona kwa mara moja.

"Amekubali," akasema.

Phally akaficha uso katika viganja. Mpagazi mmoja akapiga makofi. Mealea akamtupia jicho Mwalimu Heng. Mzee alikuwa anavuta sigara, anautazama moshi wake ukipanda.

"Ghorofa ya ngapi chumba changu?" akauliza Mwalimu, kwa lugha ya nyumbani, wote wasikie.

"Ya tatu," Mealea akasema. Mdomo ulikuwa umekwisha kushika mteremko. "Kina dirisha la bahari."

Kabla mwezi haujaandama, ua ulikuwa mtupu. Wale wengine walihamia kando ya reli ya zamani, mahali pa tope, wakajenga vibanda vya mbao zilezile za vyumba vyao vilivyovunjwa. Mealea akampangia mama yake nyumba ya matofali yenye vigae sakafuni. Mama yake aliingia akavua ndala, akasimama pale mlangoni muda mrefu, miguu mitupu juu ya vigae, hasongi mbele.

"Na Mwalimu je, tusimchukue?" akauliza.

"Mwaka mmoja tu, mama. Ana chumba chake kinakuja."

Jengo likapanda upesi kuliko mgomba. Phally alikuja kulitazama kila wiki, wanawe wamemshika sketi.

"Mealea, mwanangu, duka langu liko upande upi?"

"Upande wa barabara, shangazi. Pale kwenye nguzo ya pili."

"Basi nitapaka rangi ya manjano. Au unaonaje? Manjano inavuta wateja."

"Inavuta, shangazi."

Jengo lilipofika ghorofa ya nne, Mealea akapiga moyo konde akamwendea Bwana Qiu kwenye kibanda cha mafundi. Akamwambia juu ya Phally, na Mwalimu, na wapagazi. Bwana Qiu akasikiliza kwa subira yake ileile. Halafu akacheka, kicheko kisicho na ubaya wowote, kama mtu anayecheka neno la mtoto wake.

"Nani anaweka cherehani ndani ya hoteli?" akasema. "Wewe bado mdogo, Mealea. Utajifunza." Akatoa mfukoni bahasha nyekundu ya heri, akamshikisha.

Alitoka pale akijua. Akapita njia ndefu asipite relini. Angeweza kusema siku ile. Jengo lilikuwa bado linapanda, watu wangepiga kelele, Bi Sophorn angebanwa, pengine kingepatikana kitu. Hakusema. Phally alipomuuliza tena, akamwambia marumaru zimechelewa bandarini.

Ikaja habari kwamba serikali imepiga marufuku kamari ya mtandaoni. Mwanzoni watu walicheka, wakasema sheria za karatasi hizo. Kumbe wenyewe waliokaa nyuma ya mapazia hawakucheka. Wakaanza kuondoka kama maji yanayotoka kwenye ndoo iliyotoboka. Migahawa ikafungwa meza zikiwa na sahani. Waliokuwa wanajenga wakaacha kulipa mafundi, na mafundi wakaacha koleo zimegandia kwenye zege. Simu ya Bwana Qiu ikawa inaita bila kupokelewa, kisha ikawa haiiti kabisa. Bi Sophorn aliyekuwa amekopa benki kwa matumaini ya kodi ya miaka hamsini akafunga virago akaenda kwa binti yake huko Battambang, akiacha kiwanja kina jengo la ghorofa sita lisilo na kuta, lisilo na mwenyewe, nondo zimesimama juu yake kama nywele za mtu aliyeshtuka. Mji mzima ulijaa mapagale ya namna hiyo. Mengi yake Mealea aliyajua kwa majina ya wateja walioyaanza, maana viwanja vyake ni yeye aliyewatafutia.

Alikuwa na miaka kumi na minane. Shuleni wenzake walikuwa wanamaliza.

Mama yake alirudisha meza ya uji barabarani, mbele ya ile nyumba ya matofali ambayo kodi yake sasa ilikuwa imeanguka, wakamudu kuilipa. Wateja wa zamani walipita wakitazama mbele, wamekwisha kuambiwa na mafundi kwamba hapakuwahi kuwa na duka wala chumba cha mtu. Mmoja tu, mke wa mpagazi, ndiye aliyesimama siku moja. Aliuchungulia uji, akasema, "Mzuri. Bado mweupe," akaenda zake.

Msimu wa mvua wa mwaka uliofuata ulikuwa mbaya. Relini maji yaliingia vibandani yakapanda vitandani. Asubuhi moja Phally akaja, amelowa, akasimama mbele ya meza ya uji bila kuketi. Hakumtazama Mealea, alimsemesha mama yake.

"Mama Mealea, mwambie binti yako Mwalimu kahamia chumbani kwake."

"Chumba gani?"

"Ghorofa ya tatu. Ametoka jana na mkeka wake na birika. Tumemkataza, katutukana kwa lugha ambazo hata hatuzijui."

Mealea akaenda. Ngazi za pagale hazikuwa na ukingo, na maji ya mvua yalikuwa yanatiririka juu yake kama kijito. Ghorofa ya tatu alimkuta Mwalimu Heng kwenye kona upande wa bahari. Amefunga turubai la bluu kati ya nguzo mbili, mkeka umetandikwa, shati safi limetundikwa kwenye nondo, na maji yanachemka kwenye jiko la mkaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Rangi ilikuwa imemwishia siku nyingi, na Mealea hakuwa amekwenda kumwona muda wa kutosha kulijua hilo.

"Vua viatu," Mwalimu akamwambia kwa Kichina. "Hapa ni nyumbani kwa mtu."

Akavua. Zege lilikuwa la baridi.

"Mwalimu, shuka twende. Hapa hakuna hata ukuta."

"Si uliniambia dirisha la bahari? Tazama, wamezidisha. Dirisha pande zote."

"Mwalimu, tafadhali."

"Umekuja kumtoa mpangaji? Siku hizi unakuja mwenyewe? Zamani ulisubiri mpaka wafagie."

Mealea akachuchumaa. Maneno aliyokuwa ameyabeba tangu kibanda cha mafundi yakamtoka yamepindana. Akasema Bwana Qiu hakuwahi kukubali. Akasema siku ile ya kikao yeye Mealea ndiye aliye...

"Najua alichosema," mzee akamkata. "Nilikaa palepale. Masikio yangu hayana ubovu. Alisema litaongewa baadaye, nawe ukawaambia watu amekubali."

Mvua ilikuwa inapiga turubai. Mealea alihisi kama mguu umekosa ngazi.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukunisahihisha?" Sauti yake ilipanda akasahau adabu. "Miaka yote ulinisahihisha mbele ya soko zima, kwa kosa dogo kama unywele! Siku ile moja tu ndiyo ukanyamaza?"

Mwalimu Heng akachokoa makaa kwa kijiti. Alichokoa mpaka moto ukataka kuzimika.

"Nilikitaka chumba," akasema.

Baadaye akaongeza, kana kwamba anamsemesha birika: "Nilijiambia, labda mtoto kasikia kitu ambacho mimi sikukisikia. Mtu mzima na mvi zangu."

Kama Mealea alitumaini kwamba kugawana kosa kutalipunguza uzito, haikuwa hivyo. Alishuka nalo limekuwa zito zaidi, maana sasa alijua palikuwa na mtu mmoja ulimwenguni aliyeweza kumzuia, na mtu huyo alikuwa mpweke na mwenye tamaa ndogo ya dirisha.

Alimwomba ahamie kwao kwenye nyumba ya matofali. Alimwomba siku ile, na kesho yake, na siku zote zilizofuata, kwa maana kila asubuhi alimpandishia kibuyu cha uji.

"Nikae sebuleni kwenu kama kabati?" mzee alijibu. "Na Phally na wanawe utawaweka wapi, uvunguni? Mimi nina chumba changu. Mwambie Phally aje achukue duka lake. Chini kumejaa maji, lakini ni lake."

Uji aliunywa. Katika hilo hakumkatalia. Siku nyingine hata aliongea naye vizuri, akamwonyesha meli zilizotia nanga, akamwambia bendera hii ya wapi na ile ya wapi. Halafu ghafla angekumbuka, uso wake ukajifunga, akageukia bahari.

Kikohozi kilianza kama mzaha. Alisema ni sigara, ingawa sigara hakuwa nazo. Kabla mvua hazijakatika, Mealea alipanda asubuhi akamkuta amelala ubavu, macho wazi, mkeka umelowa, na hakumwambia avue viatu. Alikimbia relini akipiga kelele. Wapagazi wawili wakaja na Phally. Wakamlaza juu ya ubao wa mafundi uliobaki pale, wakamshusha ngazi moja moja, mmoja mbele, mwingine nyuma, Phally pembeni kumzuia asiporomoke kwenye utupu. Mealea alitaka kushika upande mmoja.

"Wewe shika birika," Phally akamwambia.

Hospitali walisema mapafu yamejaa, wakampa dawa, wakasema arudi nyumbani. Nyumbani ni wapi, hapo ndipo paliposhindaniwa. Mealea akasema kwao kuna chumba kikavu.

"Mzee ni wetu," Phally akasema. Hakusema kwa hasira. "Tumekaa naye topeni. Wewe umekwisha kumpa chumba, mwanangu, inatosha."

Mealea aliruhusiwa kuja kumwona kibandani. Mwalimu Heng alikuwa anaongea mfululizo, lakini haikuwa lugha ya nyumbani wala kile Kichina alichowafundisha watu. Ilikuwa Kiteochew, lugha ya mama yake, ya utotoni, ambayo hakuwahi kumfundisha mtu. Alisema sana, kwa bidii, kama anayeagiza jambo, akimkazia macho kila aliyeingia.

"Mealea, anataka nini?" Phally akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu ujenzi usimame.

Mealea akainama hadi karibu na kinywa cha mzee. Akasikiliza. Neno moja moja lilifanana na kitu, kisha likapotea.

"Sielewi, shangazi."

"Huelewi? Si mkalimani wewe?"

"Hiki sikijui."

Phally akamtazama kama anayepima kama huo nao ni uongo. Mzee aliongea siku mbili hivyo, akafa bila yeyote kujua alikuwa anaagiza nini.

Wazee wa jumuiya ya Wachina walikuja na jeneza la bei ndogo. Wakahitaji jina lake kwa herufi ili liandikwe kwenye ubao wa kaburi, na mtu mmoja akasema yupo mwanafunzi wake hapa anayejua kuandika, aitwe. Wakampa Mealea brashi na wino. Akaandika herufi ya ukoo, Heng, vizuri kama alivyofundishwa, kisha mkono wake ukasimama. Jina la mzee mwenyewe hakulijua. Mzee alikunywa uji kwao miaka yote ile, alimshika mkono akiandika herufi ya kwanza, naye Mealea maisha yake yote alimwita Mwalimu, asiulize zaidi. Aliwageukia wapangaji. Na wao walimjua kwa Mwalimu tu. Ubao ukapandwa na jina la ukoo peke yake. Udi ulipogawiwa, aliyekuwa anagawa alimruka. Pengine hakumwona.

Mealea alikaa mwaka na nusu zaidi Kampong Som. Aliwahi kumpelekea Phally gunia la mchele. Wanawe wakalipokea, na baadaye akaliona dukani likiuzwa na uzi wake haujafunguliwa. Wachina wachache wakaanza kurudi, na wenye mapagale wakaanza kumtafuta tena: njoo tuuze, wewe unajua lugha, wewe ni mzoefu. Mzoefu, na alikuwa hajafika miaka ishirini na moja. Akabadilisha namba ya simu. Jirani mmoja aliwaelekeza nyumbani, wakaja. Mama yake akawaambia binti kaenda Thailand. Ndipo Mealea akaona ni heri aondoke kweli. Mama yake hakumzuia. Alimfungia samaki wakavu kwenye gazeti, akamwambia asifanye kazi ya kuongea.

Akapata kazi kwenye kiwanda cha viatu nje ya mji mkuu, Phnom Penh, kupaka gundi kwenye soli. Siku ya kuandikishwa karani alimuuliza kama amewahi kufanya kazi yoyote.

"Sijawahi."

"Umesoma hadi darasa la ngapi?"

"La tisa."

"Lugha yoyote ya kigeni?"

"Sina."

Mameneja wa kiwanda walikuwa Wachina. Walipita kati ya mistari wakiongea kwa uhuru wote, kama watu wanavyoongea mbele ya ng'ombe. Mealea alisikia nani anaibia kiwanda, nani anamtaka msichana yupi, nani kachoka na nchi hii anataka kurudi kwao. Hakuinua kichwa. Alipanga chumba na wasichana watatu; mmoja wao, Sitha, wa kutoka Kampong Thom, alikaa naye benchi moja, akawa anamwimbia nyimbo za harusi siku nzima juu ya mvuke wa gundi.

Wiki chache kabla ya Mwaka Mpya wa Khmer, sikukuu ya nchi nzima mwezi wa nne, mameneja wawili walisimama nyuma ya benchi lao. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba oda zimekatika, mstari huu wote utafungwa sikukuu ikiisha. Wasiambiwe sasa, wasije wakalegea. Mwenzake akauliza kuhusu malipo yao ya kuachishwa. Wa kwanza akasema hilo litaongewa baadaye.

Mkono wa Mealea uliteleza, gundi ikamwagikia kidole.

Kwenye mstari ule walikuwamo wasichana wengi, na karibu wote walikuwa wamekopa kwa ajili ya safari ya sikukuu, kupeleka vitambaa na mafuta na viatu kwa wazee vijijini, wakitegemea mishahara ijayo. Ilitosha aseme sentensi moja. Aliitengeneza kichwani kwa lugha ya nyumbani, maneno mepesi, hayakuwa hata kumi. Aliyatazama kichwani mwake, akaona macho ya watu yakiutazama mdomo wake, akaona turubai na meza za uji zilizosogezwa pamoja, na akahisi hofu ya kinywa chake mwenyewe. Vipi kama kasikia vibaya? Vipi kama safari hii nayo ni yeye tu anayetaka kusikia? Alijua hakusikia vibaya. Alisikia sawasawa, kila sauti, iliyopanda na iliyoshuka.

Akapaka soli iliyofuata.

Jioni Sitha akamshika mkono langoni. "Dada, nisindikize sokoni. Nataka nimkopee mama kitambaa cha hariri, mwenye duka amekubali nilipe kidogo kidogo hadi mwezi wa sita. Mimi sina jicho la rangi."

Mealea akamsindikiza. Duka lilikuwa limejaa wasichana wa kiwandani, wote wana haraka, wote wanacheka. Sitha alijitanda kitambaa cha zambarau, kisha cha kijani, kisha akarudia cha zambarau, akamgeukia.

"Kipi?"

"Cha kijani," Mealea akasema. "Cha kijani hakichuji."

Na mwenye duka akakikunja.